Tope la winta: baiskeli ya mlimani uipeleke wapi Uingereza mvua ikishakolea

Novemba ya kwanza baada ya kununua baiskeli ya mlimani nilienda Chilterns, kwa sababu ndio vilima vilivyo karibu na kwangu hapa Reading na kwa sababu kwenye picha za Julai ni pazuri mpaka basi, nikaendesha kama mita mia tatu hivi halafu gurudumu la nyuma likagoma. Limegoma kuzunguka kabisa, tope limejaa kati ya tairi na fremu kama ukoko wa ugali, nikatafuta kijiti nikachokonoa, nikapanda tena, mita hamsini, limegoma. Mara ya tatu nikalazimisha kukanyaga, kile kichuma kidogo kinachoshika mashine ya giya ya nyuma kikakatika paa, na nikaikokota baiskeli saa nzima mpaka barabarani huku mvua inaninyeshea na farasi wanapita zao wananiangalia tu.

Miaka minne imepita, bado nina baiskeli ileile yenye shoki mbele tu, bado sina gari, ila sasa kila nikitaka kutoka kati ya Novemba na Machi swali langu la kwanza ni chini kuna nini: mfinyanzi, chaki, mchanga, kokoto au mwamba. Hali ya hewa naiangalia baadaye. Ndio maana ulinganisho huu nimeupanga kwa udongo, maana watu wanapanga kwa umbali au kwa rangi ya njia (kijani rahisi, bluu wastani, nyekundu ngumu, nyeusi we jua mwenyewe) halafu wanashangaa kwanini njia nyekundu ya sehemu moja Januari ni raha na njia ya bluu ya sehemu nyingine ni msiba.

Chilterns na South Downs kwanza, ili tuziondoe mezani

Chilterns chini ni chaki, ule mwamba mweupe laini, na juu ya chaki sehemu nyingi kuna mfinyanzi uliochanganyika na gumegume, yale mawe magumu yenye makali. Sasa piga picha: mfinyanzi unanata, gumegume inachana tairi, na pale mfinyanzi ulipoishia chaki yenyewe ikilowa inateleza kama sabuni ya kipande iliyosahauliwa kwenye beseni. Mi nimekulia upande wa Shinyanga na ule udongo mweusi wa mbuga, mvua zikianza unatoka shambani kila kiatu kina kilo mbili, kwa hiyo nilipaswa kujua, lakini mtu ukihamia ugenini akili yako ya nyumbani unaiacha uwanja wa ndege.

South Downs nako ni chaki hiyohiyo. Ile South Downs Way, kilomita 160 kutoka Winchester mpaka Eastbourne, watu wanaisifia na wana haki, ila sifa hiyo ni ya Mei mpaka Septemba.

Halafu kuna sheria. England na Wales baiskeli ina haki kwenye njia za farasi tangu sheria ya 1968, njia za miguu hapana, na njia ya farasi wakati wa winta maana yake farasi wamepita kweli, kwato zimetoboa mashimo, kila shimo lina maji yake, ukipita juu yake ni kama unaendesha kwenye trei ya mayai. Na sio wewe tu unayeumia, kila mtu anayekwepa tope anapita pembeni, njia inapanuka, mwakani imekuwa uwanja wa mpira. Kinachoweza kukuokoa huku ni baridi ya kugandisha tu: asubuhi ikiwa chini ya sifuri lile tope linakuwa saruji na unaendesha raha mustarehe, lakini jua likipata nguvu kwenye saa tano hivi juu kunayeyuka na chini bado kumeganda, hapo hata kutembea ni shida, uwe umesharudi kwako unakunywa chai.

Swinley au Surrey Hills

Kwa mtu wa London, Reading, Slough au Woking ubishi wa winta ni huu hasa, na nimeubishania sana na jamaa mmoja wa Woking ambaye hataki kabisa kusikia habari za Swinley.

Swinley Forest iko Bracknell, ardhi ni ya Crown Estate, yaani mali ya taji la kifalme, na yenyewe ni ya kichanga na juu yake njia zimemwagiwa changarawe zikashindiliwa. Kuna kijani fupi, bluu ya kama kilomita 10 na nyekundu ya kama 13, zote zinaenda upande mmoja na zina alama kila mahali, huwezi kupotea hata ukitaka. Treni inayotoka Waterloo kwenda Reading inapita Martins Heron, unashuka, unakanyaga kidogo, umefika. Nimeenda pale siku ambayo mvua ilinyesha tangu juzi yake, njia ilikuwa na madimbwi lakini chini ya dimbwi ni kugumu, tairi halizami, unapita tu maji yanaruka, na ukirudi unakuwa umelowa mgongo lakini baiskeli inazunguka.

Ubaya wake: Jumapili watu ni wengi kama Kariakoo wiki ya sikukuu, mlima hakuna wa kusema ni mlima, na ukishaenda mara sita unajua kila kona. Na ile changarawe ikichanganyika na maji inakuwa msasa. Winta moja ya Swinley ilinila cheni na jozi mbili za pedi za breki, hilo lazima uliweke kwenye hesabu zako maana kiingilio hakuna, unalipia maegesho tu kama umekuja na gari, kwa hiyo unaona kama bure kumbe unalipa kwa fundi.

Surrey Hills ni kitu kingine. Huko kuna Leith Hill, mita 294, ndio pa juu kabisa Surrey, na Holmbury Hill na Pitch Hill, na katikati kijiji cha Peaslake ambacho Jumamosi asubuhi utafikiri kila mkazi kazaliwa na helmeti. Mwamba wa chini ni jiwe la mchanga, udongo wa juu ni mchangamchanga, unakunywa maji. Mvua ikikatika usiku, asubuhi kwenye saa nne sehemu kubwa unakuta inapitika vizuri, na unapanda kweli na kushuka kweli, sio kuzungukazunguka msituni. Njia kama Barry Knows Best na Yoghurt Pots pale Holmbury zimejulikana miaka mingi na zinatengenezwa na watu wa kujitolea, mabango ni machache, usiende bila apu ya ramani au bila mwenyeji.

Lakini Surrey ina mtego, na ndipo huyo jamaa wa Woking huwa ananyamaza. Ule mchanga ni ukanda mwembamba. Ukishuka sana upande wa kusini unaingia kwenye mfinyanzi wa Weald, unanata kama kule kwetu, na ukienda kaskazini ukavuka bonde kuelekea Ranmore uko kwenye chaki tena na mfinyanzi wake juu, yaani kilomita chache tu umebadilisha udongo mara tatu. Siku moja tulifuata mstari kwenye ramani unaoshuka kusini, ulionekana mfupi na mzuri, tukatumia dakika arobaini kurudi juu tumebeba baiskeli mabegani. Pia kuna mizizi. Mchanga hauna shida ila mzizi uliolowa hauna huruma, unatakiwa kuuvuka ukiwa umenyooka, bila breki, bila kupinda, na ukikutana nao kwa ubavu utalala chini kabla hujajua kilichotokea.

Kwa hiyo mi naamua hivi: kama imekauka walau usiku mmoja, na nina mtu anayeijua njia, Surrey Hills bila kufikiria mara mbili, natoka Reading kwa treni ya kupitia Guildford nashuka Gomshall. Kama mvua inanyesha siku yenyewe, au nina mtu mgeni, au nimetoka shifti ya usiku na akili imechoka, Swinley. Ukiwa na mtoto usijadili na mtu, Swinley ya bluu.

Walio Cambridge, Norwich na huko mashariki wasisumbuke kuja huku, wana Thetford Forest, mchanga mtupu, na mashariki ndio upande unaopata mvua kidogo kuliko pengine pote Uingereza. Ni tambarare kama meza. Ila Januari meza kavu ni neema.

Cannock, kwa watu wa kati

Birmingham, Wolverhampton, Stoke, Leicester: nendeni Cannock Chase. Hii sehemu inanifurahisha kwa sababu chini yake kuna kokoto za mviringo, laini kama za mtoni, na ni za mtoni kweli, zililetwa na mto mkubwa wa zama za kale uliotoka upande wa Ufaransa wa leo kabla hakujawa na bahari hapo katikati. Maji yanapita kwenye kokoto kama kwenye chujio. Njia ni Follow the Dog, na ukitaka kuongeza unaunganisha na Monkey Trail, zote nyekundu, na zilijengwa kwa nguvu nyingi ya watu wa kujitolea. Mashindano ya baiskeli ya mlimani ya Michezo ya Jumuiya ya Madola 2022 yalifanyika hapa, Evie Richards akachukua dhahabu ya wanawake na Sam Gaze wa New Zealand ya wanaume, japo hiyo ilikuwa Agosti na hawakuona rangi ya tope.

Ukiilinganisha na Swinley, Cannock ina vipandio vya maana zaidi na haijalainishwa sana. Ukiilinganisha na Surrey haina ule mteremko mrefu, lakini haina mtego wa mfinyanzi pia. Shida ya kokoto ni kwenye kona, zinaviringika chini ya tairi kama gololi, usiingie na haraka ukidhani ugumu wa chini ndio mshiko.

Wales: panaponyesha sana ndipo panapofaa

Hapa ndipo watu hawaniamini. London inapata kama milimita 600 za mvua kwa mwaka, kwenye milima ya Eryri kaskazini mwa Wales kuna sehemu zinapita 3000, na bado nikiambiwa nichague wikiendi moja ya Februari nitaenda Wales kabla ya Chilterns. Sababu ni kwamba kule njia imejengwa kwa mawe tangu mwanzo, wajenzi walijua mvua haitakuja kukoma.

Coed y Brenin, karibu na Dolgellau, ndio mama wa vituo vyote vya namna hii Uingereza, ilianza miaka ya 1990 na mtu aliyesimamia ujenzi ni Dafydd Davis, mtumishi wa msitu. Mawe yamepangwa kwa mkono, makubwa, yamekaa kama ngazi zilizovunjikavunjika, na njia moja iliwahi kuitwa Red Bull kwa sababu ya mdhamini, leo inaitwa Tarw, maana yake dume la ng'ombe kwa Kiwelsh. Maji hayana pa kukaa. Baiskeli yangu ya shoki moja ilinitikisa meno pale, mikono ilikuwa inatetemeka mpaka nikashindwa kufungua chupa, lakini tope? Kidogo sana. Ni mbali lakini, mgahawa wa pale ulifungwa mwisho wa Machi 2025 kwa hiyo beba chakula chako, na baadhi ya mawe yenye kuvumwani yanateleza, yaheshimu.

Afan iko kusini, juu ya Port Talbot, njia zake kama White's Level na The Wall ni ndefu zaidi na zinatiririka vizuri kuliko Coed y Brenin, mawe ni madogo, anayependa kukanyaga siku nzima atapenda. Tatizo lake winta linatoka juu. Miti ya lachi ilipata ugonjwa, ikakatwa mingi, na sehemu zilizokuwa msitu sasa ni mlima wazi, upepo wa baharini unakuja na mvua yake unakupiga ubavuni na huna pa kujificha. Chini pazuri, juu pabaya. Ukienda Afan beba koti la pili kavu ndani ya mfuko wa plastiki, nasema hivyo kwa sababu mi sikubeba.

BikePark Wales pale Merthyr Tydfil ilifunguliwa 2013 na ni biashara kabisa, unalipa, gari dogo lenye trela linakupandisha mpaka kilele cha karibu mita 490 kutoka usawa wa bahari halafu unashuka, unapanda gari tena, unashuka. Njia ni ngumu chini, zimejengwa kwa mashine, wanazirekebisha, mvua haiwafungi. Wengine wanaona ni uvivu, mi naona mtu mwenye siku moja ya mapumziko kwa wiki na jua linalozama saa kumi hana muda wa kukanyaga mlima saa nzima ili ashuke dakika nne. Ila kuna kitu hakisemwi: kwenye gari unapoa. Umetoka jasho na maji, unakaa dakika kadhaa umelowa, unashuka tena, ukifika mara ya tano vidole havisikii breki. Wiki ya baridi kali Afan ya kukanyaga inakupa joto, BikePark inakugandisha. Kama ni mvua tu bila baridi kali, BikePark inashinda, na fanya bukingi mapema, wikiendi nafasi zinajaa.

Peak District, kwa ufupi

Kule Sheffield mlima mmoja una mambo mawili. Kuna jiwe gumu la mchanga lenye chembe kubwa, likilowa bado linashika, na kuna udongo mweusi wa kinamasi, mabaki ya mimea yaliyorundikana maelfu ya miaka, ambao ukiingia tairi la mbele linapotea mpaka ekseli na wewe unaendelea na safari peke yako. Njia ya Cut Gate ilikuwa na sifa mbaya ya hivyo miaka mingi. Winta kaa kwenye mawe, au nenda Lady Cannings nje kidogo ya mji, kuna njia mbili fupi, Blue Steel na Cooking on Gas, zimejengwa kwa ajili ya hali ya hewa yoyote na hazina kiingilio. Fupi lakini unarudia.

Uskoti

Uskoti sheria ni tofauti, kwa sheria ya 2003 unaruhusiwa kupita karibu popote kwa baiskeli mradi uwe na adabu, kwa hiyo njia ni nyingi na majaribu ni mengi pia. Pale bonde la Tweed kuna vitu viwili vya kulinganisha. Glentress, karibu na Peebles, imejengwa, ina changarawe, ina rangi zote, mbio za cross-country za ubingwa wa dunia wa baiskeli ya mlimani 2023 zilifanyika pale, na bila gari unafika, basi la X62 kutoka Edinburgh linabeba baiskeli. Ukienda mbele kidogo mpaka Innerleithen kuna msitu wanaouita Golfie, njia zake zimechimbwa kwa koleo kwenye mteremko mkali, udongo wa asili na mizizi, na vijana wa pale wanaziendesha zikiwa zimelowa wanacheka. Mi nilijaribu moja Desemba. Nilishuka sehemu kubwa kwa makalio. Mpaka uwe na uzoefu na tairi za tope zenye meno marefu, winta kaa Glentress.

Lakini kama una gari, au una mtu mwenye gari kama mi nilivyobebwa na jamaa wa Glasgow, pita zote hizo nenda kusini magharibi, Dalbeattie na Kirroughtree. Kule mwamba ni graniti. Waliowahi kukaa Mwanza wanajua ile miamba, mvua inanyesha na watoto wanakimbia juu yake pekupeku hawaanguki, kwa sababu graniti ina chembe chembe kama msasa mkavu hata ikilowa. Ndivyo ilivyo. Dalbeattie kuna bamba moja kubwa la mwamba wanaliita The Slab, ukilitazama kutoka juu roho inakataa, na Kirroughtree kwenye njia nyeusi kuna eneo zima la mwamba wazi linaitwa McMoab, wameazima jina kwa Moab, ule mji wa Marekani unaosifika kwa kuendesha baiskeli juu ya mwamba. Nililipita mvua inanyesha na tairi lilishika kama limegundishwa, nikapiga kelele peke yangu. Graniti hiyohiyo ya Dalbeattie ndio iliyoenda kujenga kingo za mto Thames London, kwa hiyo ukipita Embankment ukiwa na haraka zako gusa ukuta siku ya mvua utanielewa.

Ukiniuliza kwa mwamba uliolowa Coed y Brenin au Dalbeattie, nasema Dalbeattie. Ukiniuliza kwa umbali, Kusini hakuna anayeenda Dalbeattie kwa wikiendi moja labda awe amegombana na mtu nyumbani.

Vya kubeba, haraka haraka

Madigadi weka mbele na nyuma, usione aibu, tope la macho linaumiza. Tairi za meno marefu ni za mfinyanzi na udongo wa asili, Swinley na BikePark zinakuchosha bure, huko tosheka na tairi la kawaida ukapunguza upepo kidogo. Pedi za breki nunua za chuma, zile laini zinaisha siku moja kwenye mchanga uliolowa, na beba jozi moja ya akiba maana breki ikiisha mlimani imeisha. Ukirudi osha kwa ndoo na brashi, mashine ya presha inasukuma maji ndani ya beringi. Taa ni lazima: karibu na Desemba 21 London jua linazama saa kumi kasoro dakika saba, Peebles kama saa tisa na dakika arobaini, na ndani ya msitu giza linatangulia.

Jumamosi hii wametabiri mvua tangu Alhamisi jioni bila kukata, yule jamaa wa Woking kanitumia ujumbe kwamba twende Holmbury "itakauka tu", nimemjibu kwamba mi nashuka Martins Heron, nyekundu mara mbili, pedi mpya ziko mfukoni, akitaka anifuate.